Alama za siri ndani ya picha za kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapiga picha, wabunifu wa mabango na watu wa magazeti hurudia maswali yaleyale kuhusu alama isiyoonekana. Nimeyapanga hapa, ya mwanzo kwanza, yenye kona kali mwishoni. Ukiwa na haraka soma jibu kuhusu ufunguo wa siri, kisha ruka hadi sehemu ya ushahidi, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

## Misingi

Alama isiyoonekana ni nini hasa?

Inua noti ya Kenya ya toleo la 2019 uielekeze kwenye mwanga: kichwa cha simba kitajitokeza ndani ya karatasi. Hakikuchapwa juu kwa wino. Kimo ndani ya karatasi yenyewe, kwa jinsi ilivyo nyembamba hapa na nene pale. Watengenezaji karatasi wa Fabriano, Italia, walianza ufundi huo mwishoni mwa karne ya 13.

Alama ya kidijitali hufuata wazo hilohilo. Thamani za mwanga na rangi za pikseli, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, hubadilishwa kidogo mno, kwa mpangilio maalumu, hivi kwamba jicho halioni kitu ila programu yenye ufunguo sahihi inausoma ujumbe. Ujumbe wenyewe huwa mfupi, mara nyingi kati ya biti 32 na 100, biti moja ikiwa ni 0 au 1. Usitarajie kuingiza wasifu wako na namba ya simu ya studio. Hata hivyo biti 32 zinatoa namba tofauti zaidi ya bilioni 4, zinazotosha kabisa kuelekeza kwenye daftari lako la kumbukumbu: picha hii ni ipi, alipewa nani, lini.

Kwa nini nisiandike tu jina langu kubwa juu ya picha?

Andika ukipenda. Jina linaloonekana linamtia mtu aibu kabla hajaiba. Tatizo ni kwamba likikaa pembeni linakatwa, na likikaa katikati linaharibu picha, tena siku hizi simu za kawaida zina kifutio cha kuliondoa kwa kidole. Fikiria gari: jina juu ya picha ni namba ya usajili, alama ya siri ni namba ya chasisi. Mwizi hubadilisha ya kwanza jioni ileile.

Ina tofauti gani na metadata?

Metadata ni maandishi yanayosafiri ndani ya faili lakini nje ya pikseli: jina la mpiga picha, kamera, tarehe. Ni kama lebo iliyoning'inizwa kwenye nguo. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, lebo hiyo hung'olewa. Mtu akipiga skrinshoti, hata hakuna cha kung'oa, kwa sababu haikunakiliwa kamwe.

Mfumo wa C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021 na Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic, unaitia metadata saini ya kidijitali ili mabadiliko yoyote yajulikane. Ni hatua kubwa, ila saini hiyo nayo inaweza kung'olewa pamoja na lebo yake. Ndiyo maana baadhi ya watu huviunganisha viwili: alama ya siri inabeba namba tu, na namba hiyo inaelekeza mahali ambapo metadata kamili imehifadhiwa.

Je, si ndiyo steganografia hiyo?

Ni binamu. Katika steganografia, ufundi wa kuficha ujumbe ndani ya kitu kingine, siri ni kwamba ujumbe upo. Adui akishuku tu, umeshindwa. Katika alama za umiliki mwizi anaweza kujua fika kwamba alama ipo, na bado asiweze kuiondoa bila kuiharibu picha.

## Inavyofanya kazi

Alama inajifichaje bila kuharibu picha?

Njia nyepesi ni hii. Kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukibadilisha 147 iwe 146 hakuna jicho la binadamu litakalogundua. Basi biti ya mwisho ya kila namba inaweza kubeba ujumbe. Picha ya megapikseli 12 ina nafasi ya biti milioni 36 za namna hiyo, kama megabaiti 4.5. Inavutia, na mafunzo mengi ya mtandaoni huishia hapo. Lakini ihifadhi picha hiyo mara moja tu kama JPEG na ujumbe wote umekwenda na maji. Kazi ya JPEG ni kutupa yale ambayo jicho halitayakosa, na wewe umeficha mali yako papo hapo kwenye jalala.

Mwaka 1997 Ingemar Cox na wenzake wa maabara ya kampuni ya NEC walipendekeza kinyume chake, jambo ambalo kwa mara ya kwanza husikika kama kichekesho: alama iwekwe kwenye sehemu *muhimu* za picha. Waliigeuza picha nzima kuwa mchanganyiko wa mawimbi, mengine ya taratibu, mengine ya haraka. Wakachukua mawimbi 1,000 yenye nguvu zaidi, na kila moja wakalisogeza kidogo sana kwa kufuata orodha ya namba za kubahatisha. Msogeo mmoja peke yake hauthibitishi lolote. Kigunduzi, yaani programu inayoisoma alama, hujumlisha ushahidi wa yote elfu, na hapo ndipo alama inapojitokeza bila utata. Anayetaka kuifuta itambidi ayavuruge mawimbi yanayoibeba sura ya picha yenyewe. Ni chumvi iliyokwisha kuingia kwenye mchuzi. Huwezi kuichagua punje kwa punje.

Kinachobaki ni kulijua jicho. Penye vurugu nyingi, kama majani ya mkorosho, nywele, kokoto au kanga yenye maua, unaweza kuficha kwa nguvu zaidi. Penye utulivu, kama anga tupu, unaficha kwa woga. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe ni mtihani kwa programu yoyote ile.

Picha yangu itapungua ubora?

Ndiyo, kidogo, daima. Anayekuambia haibadiliki hata chembe anakuuzia kitu kingine. Wataalamu hupima kwa desibeli jinsi picha iliyotiwa alama inavyofanana na ya asili. Ikifika 40 au zaidi, watu wengi hawaoni tofauti. Usitegemee namba pekee. Ikuze picha hadi asilimia 100, tazama anga na mashavu ya watu. Ukiona chenga kama za televisheni ya zamani, punguza nguvu ya alama.

Ufunguo wa siri unafanya kazi gani?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi kuliko yote. Ufunguo ni namba ndefu inayoamua alama itakaa wapi na kwa mpangilio gani. Bila ufunguo, alama ni chenga miongoni mwa chenga.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, akiandika kuhusu siri za kijeshi, aliweka kanuni ambayo haijachakaa: mfumo uwe salama hata kama adui anajua kila kitu kuuhusu isipokuwa ufunguo. Ipime programu yako kwa kanuni hiyo. Zana nyingi za bure hazina ufunguo kabisa, au zina mmoja uleule kwa watumiaji wote. Hapo kila aliyeipakua programu anaweza kuisoma alama yako, na mwenye uwezo wa kuisoma yuko hatua moja tu kutoka kuifuta au kuighushi.

Kwa hiyo tenganisha maneno mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. Alama *imara* inavumilia ajali: kubanwa, kupunguzwa, kung'arishwa. Alama *salama* inamvumilia mtu mwenye akili na nia mbaya anayejua mbinu uliyotumia. Alama inaweza kuwa imara kama jiwe na isiwe salama hata kidogo.

Naweza kutumia ufunguo mmoja kwa picha zote?

Ufunguo mkuu mmoja, sawa. Mpangilio uleule ndani ya kila picha, hapana. Mtu akikusanya picha zako mia kadhaa na kuzipiga wastani, sura za watu na mandhari zitafifia kuwa kijivu, na kile kilichojirudia katika zote kitabaki kikionekana wazi. Programu nzuri huchanganya ufunguo mkuu na kitu cha picha husika ili kila moja ipate mpangilio wake.

Na ukiupoteza ufunguo, umezipoteza alama zako zote kwa mpigo. Tunza nakala mbili, mahali pawili.

Nianze na programu gani?

Kampuni ya Digimarc ni wakongwe. Kiongezi chao kilikuja ndani ya Photoshop 4.0 mwaka 1996. Kwa asiyetaka kulipa na asiyeogopa kuandika amri chache za Python, ipo maktaba huria iitwayo invisible-watermark, ileile iliyotumiwa na Stable Diffusion, modeli ya akili mnemba ya kuzalisha picha. Itumie kujifunza. Kwa ulinzi wa kweli kumbuka jibu la ufunguo hapo juu: mbinu yake inajulikana na kila mtu, na waliotaka picha za Stable Diffusion zisizo na alama walifuta tu mstari wa msimbo unaoipachika.

## Misukosuko na mashambulizi

Alama itabaki nikituma picha kwa WhatsApp?

Inategemea mbinu. WhatsApp hufanya mambo mawili kwa picha ya kawaida: huipunguza vipimo na huibana upya kwa JPEG. Alama za mawimbi huvumilia kubanwa vizuri, ila nyingi hujikwaa kwenye kupunguzwa vipimo. Maelezo ya invisible-watermark yenyewe yanakiri kwamba mbinu zake za mawimbi hazivumilii jambo hilo. Ukituma picha kama hati badala ya picha, faili linafika kama lilivyo.

Usibahatishe. Tia alama picha moja, jitumie kwa simu nyingine, ipakue, ujaribu kuisoma. Kisha piga skrinshoti usome. Kata robo ya picha usome. Izungushe nyuzi moja usome. Mwisho ipige picha ikiwa kwenye skrini ya kompyuta, usome. Nusu saa tu, na utajua umenunua nini. Mimi niliruka hatua ya skrinshoti mwaka wangu wa kwanza, nikaja kuikuta picha yangu ya jahazi juu ya bango la mtu bila alama yoyote ya kusomeka.

Mbona kuizungusha picha kidogo tu kunaua alama?

Mara nyingi haifi. Kigunduzi ndicho kilichopotea, kama msomaji aliyeruka mstari mmoja na sasa kila neno analitafuta mahali pasipo pake. Udhaifu huu uliwekwa wazi na Fabien Petitcolas, Markus Kuhn na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1998. Programu yao, StirMark, ilikuwa inaipinda picha kidogo kana kwamba imechapwa kisha ikaskaniwa. Jicho halikuona tofauti, na alama zilizokuwa zikiuzwa sokoni zikaanguka.

Katika kazi hiyohiyo kuna ujanja mmoja unaonichekesha hadi leo. Katakata picha vipande vidogo, kila kipande faili lake, halafu ukurasa wa wavuti uvipange upya bila nafasi kati yake. Msomaji anaona picha nzima. Roboti inayozunguka mtandaoni kutafuta alama inaona vipande, na hakuna hata kimoja chenye ukubwa wa kutosha kusomeka.

Dawa ya kupinda ni kumpa msomaji alama za kujipanga upya, au kutumia mitandao ya neva, aina ya akili mnemba, iliyofunzwa kwa kuona picha zilizopindwa maelfu kwa maelfu. StegaStamp ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyotolewa 2019, hubeba biti 100, kati yake 56 ni ujumbe na zilizobaki ni za kurekebisha makosa. Inasomeka hata kutoka kwenye picha ya simu iliyopigwa juu ya karatasi iliyochapwa.

Akili mnemba inaweza kuifuta?

Ndiyo. Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza: itie picha chenga za kutosha kuizamisha alama, kisha mwambie modeli ya kuzalisha picha aisafishe. Anairudisha picha akichora upya kile anachodhani kilikuwapo, na hana habari na alama yako. Watafiti walionyesha kihesabu mwaka 2023 kwamba alama za kiwango cha pikseli zinaweza kuondolewa hivyo. Gharama ni vitu vidogo kubadilika: kope, maandishi ya mbali, nyuzi za ukili.

Kwa hiyo "haifutiki kamwe" ni maneno ya duka. Lakini tuwe wakweli pia kuhusu wezi wetu. Wengi wao hupiga skrinshoti, wanakata pembeni, wanaondoka. Kwa hao alama iliyofaulu jaribio la WhatsApp hapo juu inatosha.

Ni vizuri kuweka kigunduzi wazi ili kila mtu akague?

Ukiweka wazi bila mipaka, unampa mshambuliaji mwalimu wa bure. Anabadilisha picha kidogo, anauliza "alama bado ipo?", anabadilisha tena, hadi ajibiwe hapana. Wenye mifumo mikubwa, kama SynthID ambayo Google ilianza kuitia kwenye picha za modeli yake ya Imagen mwezi Agosti 2023, wanapaswa kupima kila mara: umma una haki ya kukagua, na kila jibu linamfundisha adui kitu. Wewe mwenye studio ndogo huna mzigo huo. Kaa na kigunduzi chako nyumbani.

## Ushahidi na sheria

Alama ikipatikana kwenye picha, kesi nimeshinda?

Hapana, na hapa ndipo pa kusoma taratibu. Kwanza, hakimiliki yako haitokani na alama. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ile ya Tanzania ya 1999, haki inazaliwa pamoja na kazi. Alama ni shahidi tu, na shahidi huhojiwa.

Swali la kwanza litakuwa hili: je, mwenzako naye akija na alama yake ndani ya picha hiyohiyo? Hakuna kinachomzuia kuitia juu ya yako. Scott Craver na wenzake walionyesha jambo baya zaidi miaka ya 1990. Mwizi anachukua picha uliyochapisha, *anaondoa* kutoka kwayo alama aliyojitungia, na kuyaita matokeo hayo picha yake ya asili. Ukilinganisha na "asili" yake, alama yake inaonekana ndani ya picha yako, hata ndani ya ile uliyoificha sandukuni. Kila mmoja ana asili, kila mmoja ana alama kwenye picha ya mwenzake, na hakimu anabaki na mkwamo.

Njia ya kutokea ni maandalizi ya kabla, si ya baada. Tumia programu ambayo alama yake inatokana na heshi ya picha ya asili. Heshi ni mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, na biti moja ikibadilika yote inakuwa nyingine. Mwizi hawezi kurudi nyuma kutoka kwenye heshi hadi kutunga picha inayolingana. Weka tarehe ya heshi hiyo kabla ya kuchapisha, hata kwa kujitumia barua pepe. Sajili kazi yako kubwa kwa KECOBO au COSOTA, ofisi za hakimiliki za Kenya na Tanzania. Na usifute mafaili ya RAW, yale ghafi ya kamera, hasa fremu zilizo kabla na baada ya ile iliyoibiwa. Mwizi anaweza kuwa na picha moja. Hana dakika tatu nzima za bi harusi akigeuka.

Kuondoa alama ya mtu ni kosa?

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa 1996 kinazitaka nchi wanachama zizuie uondoaji wa taarifa za kielektroniki za usimamizi wa haki, pale mtu anapojua kuwa anasaidia uvunjaji wa haki. Sheria ya Kenya ina katazo la aina hiyo, na Marekani ina lake tangu 1998. Kujaribu kuifuta alama kwenye picha yako mwenyewe, kama nilivyoshauri kwenye jaribio la WhatsApp, si tatizo.

Kigunduzi kinaweza kumsingizia mtu?

Kinaweza. Kila kigunduzi kina kiwango cha kosa. Tuseme ni moja kati ya milioni, namba inayosikika tamu. Kikikagua picha milioni 10 mtandaoni, watu kumi wasio na hatia wanapata barua ya wakili. Muulize muuzaji kiwango hicho kabla hujalipa; asipokijua, ondoka.

Mtu anaweza kuibandika alama yangu kwenye picha nisiyoipiga mimi?

Ndiyo, mbinu ya kukisia alama kutoka picha moja na kuipandikiza kwenye nyingine ilichapishwa mwaka 2000. Dawa ni ileile ya kuifunga alama na maudhui ya picha, kama ilivyoelezwa kwenye jibu la kesi. Kwa gazeti lolote, hili ni jambo zito: picha ya uongo yenye alama ya chumba chenu cha habari ina madhara kuliko isiyo na alama.

## Kona kali

Nataka kujua ni mteja gani aliyevujisha picha. Inawezekana?

Inawezekana, na nadhani ndiyo matumizi yenye faida zaidi kwa studio ndogo. Kila mteja anapewa nakala yenye namba yake. Mwaka 2004 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ilimfukuza mwanachama mmoja baada ya alama za nakala za filamu zilizozagaa kuonyesha kwamba aliyekuwa ametumiwa nakala hizo ni yeye.

Hatari ni wateja kushirikiana. Wakizichanganya nakala zao kwa wastani, namba zinavurugika. Mwanahisabati Gábor Tardos alitoa mwaka 2003 namba za siri zinazoweza kumnasa angalau mmoja wa kundi, lakini urefu wake unakua kwa mraba wa idadi ya wala njama: wakiongezeka mara mbili, namba inarefuka mara nne. Ukiwa na wateja watano wasiojuana, usikose usingizi kwa hili.

Picha za hospitali zinaweza kutiwa alama?

Kwa eksirei, hata badiliko dogo lina wasiwasi wake. Zipo alama zinazorudishika: baada ya kuisoma alama, programu inairejesha picha ya asili biti kwa biti. Jun Tian alichapisha mbinu maarufu ya namna hiyo mwaka 2003. Nyingine ni alama tete, inayovunjika makusudi pikseli zikiguswa, ili ujue palipochezewa.

Nembo na katuni je?

Rangi tupu na mistari haina pa kuficha. Picha ndogo vivyo hivyo. Invisible-watermark haikubali iliyo chini ya 256 kwa 256. Kwa nembo, sajili alama ya biashara.

Nitajuaje kama picha niliyotumiwa ina alama ya mtu mwingine?

Bila ufunguo wake, mara nyingi hutajua. Ichukulie kila picha kuwa inaweza kuwa nayo. Mwaka 2005 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za kidijitali, lilifumbua vitone vya manjano ambavyo printa nyingi za leza za rangi huchapa kwenye kila ukurasa, visivyoonekana kwa macho. Kwenye printa ya Xerox waliyoichunguza, vilitaja namba ya mashine, tarehe na saa.

Mwandishi wa habari aliyepewa picha kwa siri alikumbuke hilo. Namba inayoisaidia studio kumnasa mvujishaji ndiyo hiyohiyo inayoweza kumtaja mtoa habari wako. Usichapishe faili ulilopewa. Kupunguza vipimo au kuibana hakutoshi, kwa sababu alama nzuri imetengenezwa kuvumilia hayo, na kuipiga picha skrini hakuhakikishi kitu pia. Kama maandishi yaliyo kwenye picha ndiyo habari, yachape upya. Kama ni mchoro, uchorwe upya na mchoraji wenu.